Chama cha Vidonge

Tumbo la mume wangu lilivimba upande mmoja tu, upande wa kushoto chini ya mbavu, na mimi ndiye niliyelicheka kwanza. Nilimwambia chapati zangu zimeanza kukaa mahali pabaya. Wakati huo nilikuwa na hoteli ndogo ya mabati pale Salgaa, nikiwapikia madereva wa trela chapati, maharagwe ya madondo na matumbo, naye alikuwa fundi wa breki katika yadi iliyo ng'ambo ya barabara. Nyumbani ni Kaptembwo, hapa Nakuru. Tuliondoka pamoja asubuhi na kurudi pamoja jioni. Alikuwa mtu mwembamba, na mtu mwembamba akiota kitambi cha upande unacheka, halafu unaacha kucheka.

Mama mkwe alipopata habari alikuja kutoka magharibi na wembe mpya kwenye karatasi. Kwao mtoto akivimba bandama huchanjwa juu ya tumbo na kupakwa dawa. "Huyu nilimchanja akiwa mdogo, akapona," akaniambia. Nikamwambia, "Mama, huyo mtoto wako sasa ana mvi." Tuliteta mpaka majirani wakazima redio wasikie vizuri. Mwishowe mume wangu mwenyewe alikataa wembe, na nashukuru, maana damu yake wakati huo haikuwa damu ya kuchezewa na wembe. Ingemwagika tukiangalia.

Hospitalini walimtoa damu, kisha wakamtoa tena, kwa sababu yule wa maabara alidhani mashine imeharibika. Seli nyeupe zilikuwa zimejaa kupita kiasi. Tukapelekwa kwa daktari wa damu, mama mmoja mwenye sauti ya chini asiye na haraka. Alituketisha sote wawili, akasema ni saratani ya damu. Mimi nikaanza kulia palepale, tena kwa sauti. Mimi silii kwa adabu. Akaningoja nimalize, halafu akasema, "Hii ni ile moja ambayo tunajua inatoka wapi."

Alisema seli za damu huongea. Ndani yake kuna protini ambazo kazi yake ni kupokea habari na kuipitisha: sasa gawanyika, sasa tulia, sasa umezeeka, kufa. Kwa mume wangu vipande viwili vya jeni vilikatika vikaungana vibaya, na hapo ikatokea protini isiyosikia la mtu. Inatuma ujumbe mmoja tu, mchana kutwa na usiku kucha: zaaneni. Hakuna anayeiamuru, na haijui kunyamaza.

Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa, vile alivyozoea kusikiliza injini. "Akselereta imekwama chini," akasema.

"Hapo hapo," daktari akasema.

"Na hiyo dawa ndiyo breki."

"Tuseme hivyo. Hiyo protini iko na kishimo, na hapo ndipo inapata nguvu ya kutuma ujumbe. Kidonge kinaingia kwa hicho kishimo kinakaa. Kikikaa, inanyamaza. Kikitoka, inaanza tena. Ndiyo nakuambia, mzee, ni kila siku. Ukiwa mgonjwa, kila siku. Ukisikia uko poa kabisa, bado ni kila siku. Haurukangi."

"Siwezi ruka," mume wangu akasema, na wakati huo alimaanisha.

Dawa ilikuwa ya bure. Ililetwa na mradi fulani, na waliopewa ni wale tu ambao kipimo cha jeni kimethibitisha kwamba wana hiyo protini. Bila kipimo, hupati hata kimoja. Kipimo chetu kilirudi upesi, akaanza kumeza, na haki ya Mungu sijawahi kuona kitu kama kile. Bandama lilirudi ndani ya mbavu kama kobe. Jasho la kulowesha shuka likaisha. Akarudi chini ya trela zake, akarudi kunitania kwamba chapati zangu zinaweza kufunga gurudumu. Vipimo vikaja vizuri, vikaja vizuri tena. Daktari alituonya tusiseme amepona. Tuseme protini imenyamaza. Lakini wewe ungesema nini? Mimi nilisema amepona.

Siku za kliniki wagonjwa wa namna yake walikaa benchi moja. Mzee mmoja wa Gilgil, mwanajeshi mstaafu. Mama mmoja Mwislamu wa hapa mjini, anauza magauni ya madira. Na wengine wachache. Wakenya ukiwaweka benchi moja mara tatu, mara ya nne wana chama. Wakaunda chama. Mwanajeshi akawa mwenyekiti kwa sababu ya sauti yake, mama wa madira akawa mweka hazina, na hazina yenyewe haikuwa pesa, ilikuwa vidonge. Mtu akikwama, labda ana matanga nyumbani na siku yake ya kliniki imepita, wenzake wanamkopesha vya siku mbili tatu, naye akipata vyake anarudisha. Hapo sikuona ubaya. Hata chumvi tunakopeshana.

Kisha mwenyekiti akamleta yule msichana wa viazi. Nasema msichana, lakini alikuwa mama wa watoto wawili, ana kibanda cha viazi na karoti kando ya barabara kule Gilgil. Alikuwa na ugonjwa huohuo, ila kipimo chake cha jeni kilikuwa hakirudi. Mara kemikali za maabara zimeisha, mara damu imeharibikia njiani, itolewe nyingine. Kwa muda huo wote alipewa kapsuli za kupunguza seli hivi hivi kwa jumla. Ile protini yenyewe hazikuigusa. Alifika kwenye benchi tumbo limejaa hata watu wakampisha wakidhani ana mimba. Akawaambia si mimba.

Chama kikakata shauri palepale. Kila mmoja ataruka siku moja kwa wiki, na kidonge cha siku hiyo kiwe cha msichana mpaka apate vyake. Mwenyekiti akasema kidole kimoja hakivunji chawa. Mama wa madira akasema riziki ni kugawana. Wakakubaliana pia wasimwambie daktari, kwa sababu kulikuwa na uvumi kwamba ukijulikana unatoa dawa ya mradi, unafutwa, wewe na aliyepokea.

Mume wangu aliniambia mwenyewe, tukila, uso unang'aa kama mtu aliyechangia bati za kanisa.

"Umefanya nini?" nikamuuliza.

"Siku moja tu kwa wiki, mama."

"Daktari amesema uruke?"

"Daktari hakai kwa hiyo benchi. Wewe ungemuona huyo mtoto."

"Sitaki kumuona! Wewe si ndio fundi? Unaweza fungua breki ya trela ikiwa kwa mteremko, uambie dereva ngoja nitairudisha Jumatano?"

"Hiyo ni mteremko," akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma. "Mimi sasa niko kwa tambarare. Si umeona vipimo?"

Hapa lazima nieleze mume wangu alikuwa mtu wa aina gani, ama mtamwona mjinga, na hakuwa mjinga. Baba yake alifanya kazi reli, naye alizaliwa katika nyumba za reli hapa Nakuru, chumba kimoja kwa kila familia, milango imepangwa mstari mmoja. Huko moto wa jirani ni moto wako. Mama yake, huyo huyo wa wembe, hakuwahi kusonga ugali bila kugonga ukuta kuuliza kama kuna aliyekosa unga. Kwa mtu aliyelelewa hivyo, kula mwenzako akikutazama ni uchafu, na kidonge kwake kilikuwa chakula kama chakula kingine. Mimi nililelewa tofauti. Kwetu tulikuwa wengi na sufuria moja, na nilijifunza mapema kwamba kilicho chako ni kile umeshameza. Kwa hivyo msidhani nilimshinda akili. Nilikuwa mchoyo tu, na safari hiyo uchoyo wangu na maneno ya daktari yalienda njia moja.

Nilimpigia kelele mpaka akaapa kwamba ameacha. Nikamwamini kwa sababu hakuwa mwongo. Shida ya mtu asiyezoea kusema uongo ni hiyo, akisema hakuna anayeshtuka.

Vipimo vikaanza kupanda. Kidogo, kisha si kidogo. Aliniambia vile daktari alivyomuuliza.

"Mzee, unakunywa kila siku?"

"Kila siku."

"Hakuna siku umesahau?"

"Hakuna, daktari."

Na benchi nzima ilijibu hivyohivyo, mmoja baada ya mwingine, kama watoto wa shule waliovunja kioo. Daktari akamwamini, kwa nini asimwamini, mtu mzima na mvi zake. Akaona basi dawa haimtoshi, akamwongezea vidonge vidogo vya kumeza juu ya kile cha kawaida. Siku hiyo mume wangu alirudi akipiga mluzi. Mimi nami nilifurahi, nikanunua nyama. Niliona dawa ikiongezwa, uhai umeongezwa.

Baada ya hapo ndipo gunia lilipokuja.

Nilikuwa hotelini, saa za chakula cha mchana, madereva wamejaa, wakati mwanamke nisiyemjua aliposhuka barabarani na gunia la viazi, na juu yake karoti zimefungwa kwa mafungu. Ngozi yake ilikuwa nzuri, mashavu yana afya. Alisimama mlangoni akanitazama kama anayetazama mtu wa maana.

"Mathe, wewe ndio bibi ya fundi?"

"Ndio mimi."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, pamoja na mwiko niliokuwa nao. "Mungu awabariki. Mimi ni yule wa Gilgil. Nimekuja kusema asante. Venye fundi aliongezewa dawa, sikosi hata siku moja. Zile za kuongezewa ananipatianga zote."

Dereva mmoja akaniita, "Mama, chapati," na mimi nikampita, nikavuka barabara bila kuangalia kushoto wala kulia, lori likanipigia honi ndefu. Mume wangu alikuwa chini ya trela, miguu tu ndiyo ilionekana. Nilipiga teke viatu vyake.

"Toka huko! Toka!"

Akajikokota nje, uso una grisi. Aliponiona hakuuliza ni nini. Akajifuta mikono polepole kwa kitambaa, mafundi wenzake wamesimama na spana zao.

"Usikasirike kwanza," akasema. "Sikuruka tena. Tangu waniongezee, ile yangu ya kawaida nakunywa kila siku, haki. Hii ya juu ndio nampa. Si unaona? Mimi nakunywa yangu, na yeye anapata. Niliona ni Mungu amejibu."

Nilikaa chini palepale kwenye matope ya oili na nguo yangu ya kazi. Ningempiga kama angekuwa anajitetea. Lakini alikuwa anaamini. Protini ilikuwa imeanza kuongea tena, daktari akamletea nguvu zaidi ya kuinyamazisha, naye akaichukua hiyo nguvu akaipeleka Gilgil, akirudi nyumbani anapiga mluzi.

Kesho yake nilimpeleka kwa daktari mimi mwenyewe. Nilisema yote. Benchi, chama, siku za kuruka, za kuongezewa, msichana. Mume wangu alitazama ukuta. Daktari hakupiga kelele, na ningependa apige. Akasema, "Hakuna mtu angefutwa. Hiyo nani aliwaambia?" Hakuna aliyejua. Uvumi hauna mama.

Kisha akasema jambo lingine, na hilo ndilo lilinifanya nishike meza. Alisema yule msichana naye ni mgonjwa wake. Aliona vipimo vyake vinashuka, akadhani kapsuli zinamtosha kwa sasa, kwa hivyo hakukimbizana na maabara kuhusu kipimo chake. Alikuwa na wengine waliokuwa na hali mbaya zaidi, akawatanguliza hao. Vidonge vya chama ndivyo vilivyomfanya aonekane hana haraka. Walimlisha kwa siri, na siri hiyo ikamweka nyuma ya foleni.

Mume wangu alitolewa damu ya kipimo kingine, tukangoja majibu. Yaliporudi daktari alituita. Alisema ile protini imebadilika. "Kile kishimo nilikuambia, umbo lake si lile tena. Ni mahali padogo sana pamebadilika. Lakini kidonge hakiingii."

"Hata akimeza viwili?" nikauliza.

"Hata vitano."

"Ni kwa sababu aliruka?"

"Siwezi apa, mama. Kuna watu wanakunywa kila siku na bado inabadilika. Kuna wanaoruka na haibadiliki. Dawa ikiwa kidogo kwa damu, hizo seli zilizobadilika zinapata nafasi ya kukua. Hapo ndipo naweza kufika."

Nilitaka aseme ndiyo, nipate mtu wa kuchukia. Au aseme hapana, nilale. Hakunipa lolote kati ya hayo mawili, na leo naona alikuwa mkweli, lakini siku hiyo nilimwona mwoga.

Alisema kuna kidonge kingine, kilichotengenezwa kwa ajili ya kishimo cha namna hiyo. Kipo, lakini hapa hakijafika. Ameandika kukiomba. Tukangoja. Nilikuwa sijui kwamba unaweza kuambiwa dawa ya mtu wako ipo duniani, ina jina, kuna mtu mahali anaimeza asubuhi na chai, na wewe ukae Kaptembwo uchambue mchele. Nilikasirika na kila kitu. Nilikasirikia hata jua.

Ugonjwa haukungoja pamoja nasi. Ulibadilika ukawa wa mbio. Bandama lilirudi, mifupa ikamuuma hata shuka ilikuwa mzigo, fizi zikatoka damu akipiga mswaki, homa ikaja ikakaa. Aliongezewa damu, ikasaidia, kisha haikusaidia. Nilifunga hoteli. Vijana wa yadi walikuja kumwona, naye akawagawia spana zake mmoja mmoja, na mimi nikatoka nje nisione. Hata hapo anagawa!

Chama kilivunjika. Mwenyekiti alikuja mara moja, akaketi wima, akaondoka bila kunywa chai. Simlaumu. Kwa yule msichana daktari aliipigania damu yake, kipimo kikarudi, ana ile protini, akapewa vidonge vyake mwenyewe, kamili, vya kila siku. Alianza kuvipata wiki ileile mume wangu aliposhindwa kufika chooni bila kushikwa.

Basi akaanza kuja. Mara ya kwanza na viazi. Mara ya pili alipiga magoti kando ya kitanda, akafungua kitambaa cha karatasi, ndani kuna vidonge. "Baba, sasa ni zamu yangu," akasema. "Wewe ulinipa nikiwa sina. Nimerudisha."

Niliona mume wangu akivitazama. Akanyoosha mkono, nikampa maji, akameza kimoja mbele yake. Koo lake lilikuwa na vidonda, kumeza mate tu kulimtesa. Akasema, "Asante, mama. Nasikia nafuu." Msichana alitoka akitabasamu, amesimama wima kama mtu aliyetua gunia.

Akaja tena, na tena. Kila mara vidonge, kila mara magoti, kila mara nafuu. Hakujua habari ya kishimo. Alijua tu kwamba fundi alikuwa mzima, akampa dawa, akaugua; kwa hivyo akirudishiwa dawa atapona. Na hesabu hiyo, ukiitazama kwa macho ya kawaida, haina kosa. Mimi nilitaka kumwambia tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nimeyapanga maneno, makali, nikiyanoa nikifua nguo, nikiyanoa nikimgeuza mgonjwa. Lakini mume wangu alikuwa amenikataza. "Huyo asijue," alisema. "Ataishi nayo aje?"

Mchana mmoja, msichana akiwa ameshaondoka, sikuweza tena.

"Hicho kidonge hakikusaidii."

"Najua."

"Sasa unamezea nini na koo ikiwa hivyo?"

"Mtu akikuletea chakula, unaonja." Alijaribu kucheka. "Kwenu hamfundishwi?"

"Na yeye? Hicho umemeza ndicho cha kwake cha leo. Vile vingine ameacha hapo ni vya kesho na kesho kutwa. Umefikiria hiyo?"

Hakuwa amefikiria. Nilimwona akifikiria. Alikuwa ameona adabu tu, mgeni na kilichomleta mgeni, na sasa aliona kilicho nyuma ya adabu, na uso wake ukanywea. Nilijuta kusema, na bado nisingerudisha. Alifumba macho.

"Yake pia inaweza badilika," akasema.

"Inaweza."

"Basi mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Yote. Asibaki akifikiri ni mchezo. Mimi siwezi, mama." Akanishika kidole kimoja, hakuwa na nguvu ya kushika mkono mzima. "Wewe ndio uko na mdomo."

Alipokuja tena nilimzuia mlangoni. Ilikuwa mchana, watoto wa majirani kwenye ploti wanacheza kwenye maji ya kufulia, nikawafukuza. Yeye alikuwa tayari ameshika ile karatasi yake. Niliyatafuta yale maneno niliyoyanoa, wiki baada ya wiki, na sikuyapata, yalikuwa yameniisha. Nilimwambia tu. Kwamba ile protini ya fundi imebadilika. Kwamba hiki kidonge hakiingii tena kwake, ameze kimoja, ameze gunia. Kwamba dawa ikiwa kidogo kwa damu, zile seli mbaya hupata nafasi. Kwamba yeye sasa anaruka siku kama fundi alivyoruka, na ya kwake ikibadilika, watoto wake watamwangalia vile mimi ninavyomwangalia mtu aliye ndani.

Alinisikiliza mpaka mwisho bila kusogea. Hakulia kwanza. Niliona akirudi nyuma kichwani, siku baada ya siku, benchi, vile vidonge vidogo vya kuongezewa, gunia la viazi, asante yake.

"Mathe," akasema, "kwa hivyo ni mimi nimemmaliza?"

Mungu ananiona, jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nilikuwa nalo tangu siku nilipokaa kwenye matope. Na yale ya daktari pia nilikuwa nayo, kwamba hakuna anayeweza kuapa. Niliingia ndani nikachota maji kwenye kikombe, nikarudi, nikampa.

"Meza kwanza," nikamwambia. "Hapa, nikiona."

Akameza. Maji yakammwagikia kifuani. Alinirudishia kikombe, akasimama akiningoja, machozi sasa yakimtoka bila sauti, na mimi nikageuka nikaingia kwa mgonjwa wangu nikafunga mlango.

Mume wangu tulimzika kwao magharibi. Yule msichana alikuja na lori la viazi, akabaki jikoni siku zote za matanga akimenya. Aliniuliza lile swali tena huko jikoni. Ameniuliza Gilgil kibandani kwake, ameniuliza kwa simu. Vipimo vyake vimetulia, daktari anasema protini imenyamaza. Kila akiniuliza, mimi humuuliza kwanza kama amemeza cha leo, naye husema amemeza, nami humwambia asisahau cha kesho.